Kipimo cha Mondo

Kuna Jumapili moja hainitoki kichwani, mwanangu, na tangu uliponiletea ule mchoro wa tundu la tumbili unalotaka nikutengenezee, naikumbuka kila ninaposhika msumeno. Kaa kidogo. Hoteli yako ya Msamala haitakimbia.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, nilikuwa kijana, fundi seremala wa mtaa wa Bombambili, na kichwa kimejaa moto. Maduka yaliyokuwa matupu yalianza kujaa, mitumba ikatandazwa kila kona, na kila aliyejua kushika randa akafungua karakana yake. Mteja aliyenibembeleza jana, leo alikuwa na mafundi wengine tele wa kuchagua. Nikasema, jamani, mimi nitajulikanaje?

Jibu nililipata Namtumbo kwa shangazi yangu, dada yake baba, aliyekuwa akilima tumbaku na mahindi pamoja na mumewe. Wakati wa kusafisha shamba, vibarua walikamata mtoto wa mondo, yule paka wa porini mwenye miguu mirefu, madoa meusi na masikio makubwa utadhani ameyaazima. Nikaomba nimchukue.

"Utaweza kumtunza?" shangazi aliniuliza.

"Nitaweza, shangazi."

Aa, nilijibu haraka mno. Nilipofika nyumbani nilimpima kwa futikamba kama nilivyozoea kupima kila kitu: pua mpaka mkia, unyayo mpaka masikio. Nikakadiria ukubwa atakaofikia, nikaongeza nafasi ya kugeuka, nikamtengenezea banda la mbao za mninga na wavu, nikaliweka mbele ya karakana. Lilikuwa banda zuri, sikudanganyi, hata vanishi nililipaka. Watu wakaja kushangaa, jina langu likasahaulika, nikawa Fundi Mondo. Kazi zikamiminika. Nyama nilimpa, maji nilimpa, nikajiona mtu mwema kweli kweli.

Alipokua akaanza kutembea. Hatua nne, anageuka. Hatua nne, anageuka. Nikifungua karakana namkuta anatembea, nikifunga namwacha anatembea. Sakafu ya banda ikalika pale alipopita, na pua ikatoka kidonda pale alipoisugua kwenye wavu. Wateja walikuwa wakicheka na kusema, "Anacheza huyo!" Na mimi, Mungu anisamehe, niliitikia kwamba anacheza.

Mwaka uliofuata mume wa shangazi akafariki. Nilikwenda Namtumbo, nikampima marehemu, nikamtengenezea jeneza kwa mikono yangu mwenyewe. Baada ya arobaini, na hiyo ndiyo Jumapili ninayokuambia, shangazi alikuja mjini kunishukuru. Alitoka kanisani moja kwa moja, na nguo zake nyeusi, na kuku mtetea kwapani.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema.

"Milele amina. Shikamoo, shangazi."

 Shangazi alikuwa amesimama mbele ya banda. Yule kuku alikuwa akipiga kelele na kutapatapa hatua moja tu kutoka kwenye wavu, na mondo alipita, akageuka, akapita tena, asimtupie kuku hata jicho.

"Huyu ndiye yule wa shambani kwangu?"

"Ndiye, shangazi. Ameshakua."

"Mondo hamtazami kuku?" Sauti yake ilishuka. "Mama yake nilimwona akiruka na kudaka ndege hewani, kwa macho yangu haya. Nyayo zake nilikuwa nazikuta asubuhi, zimetoka kwenye bani langu la kukaushia tumbaku mpaka ng'ambo ya mto. Huyu wewe ulimpima vipi?"

Nikamweleza, tena kwa kujidai: pua mpaka mkia, na nafasi ya kugeuka.

Akanigeukia. "Mume wangu ulimpima hivyo hivyo, kichwani mpaka miguuni. Nikakushukuru, maana yeye alikuwa amemaliza kutembea. Huyu naye amefariki lini, mbona hukuniletea taarifa ya msiba?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Alimweka kuku mlangoni, akakataa hata kunywa maji, akaenda zake.

Wiki hiyo niliacha kazi za watu. Nyuma ya karakana nilikuwa na kiwanja nilichokusudia kujenga nyumba, chenye majani marefu na kichuguu. Nikakizungushia wavu chote. Kumrudisha porini sikuthubutu, hakuwa amejifunza kuwinda. Kisha nikamfungulia. Mondo akaingia kwenye majani, akasimama, masikio yakasimama, na moyo wangu ukajaa furaha.

Akaanza kutembea. Hatua nne, akageuka. Hatua nne, akageuka. Hapakuwa na wavu pale alipogeukia, mwanangu! Kiwanja kizima kilikuwa chake, na yeye bado alikuwa ndani ya banda langu. Nililia, mtu mzima mimi, vumbi la mbao usoni.

Aliishi hivyo mpaka mvua zilipokwisha, akafa. Nilipokwenda kumzika, mkono ulikwenda wenyewe mfukoni ukatoa futikamba. Pua mpaka mkia. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, kipimo changu kilimtosha.

Sasa sikia ninachokuambia. Katika mchoro wako tumbili ameketi, na tundu umelipima kwa kuketi kwake. Mnyama wa porini usimpime akiwa ameketi. Nenda kwenye miti anakoishi, shinda huko kutwa nzima, uone anavyorukia tawi hili na lile, anavyofukuzana na wenzake, anavyojificha akichoka kuangaliwa. Vyote hivyo ndivyo kipimo chake. Kama ua wa hoteli yako unavienea, njoo, nitaanza kazi kesho. Kama hauvienei, usiniambie tuongeze mita mbili. Na usiseme utampanulia baadaye. Mimi nilipanua baadaye.

Lakini ua wako naujua, hauvienei; tundu sitalitengeneza. Panda mipera na miembe uani, tumbili watakuja wakitaka na kuondoka wakitaka, na mimi nitakutengenezea viti vya mninga, wageni wakae watazame juu. Viti hivyo ni zawadi yangu.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe nyumba pana na milango inayofunguka, na wote watakaolala kwako waje kwa hiari yao, waondoke kwa miguu yao.