Gia ya Sport Kwenye Mteremko wa Inyala

Tumpe alijifunza kuendesha gari akiwa na miaka arobaini na mbili, na mwalimu wake alikuwa mume wake, Anord, ambaye kazi yake ilikuwa kufundisha hesabu sekondari. Walikuwa wakienda Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa mpira nyuma ya shule, Tumpe ameshika usukani kama mtu aliyepakatishwa mtoto mchanga wa mwenzake, Anord kando yake ametulia na madaftari ya kusahihisha mapajani. Hakuwahi kumgombeza. Tumpe akikosea, alikuwa akisema tu, "Turudie swali." Basi wanarudia.

Kabla ya hapo maisha yake yote yalikuwa cherehani. Alikuwa na meza yake Mwanjelwa, mjini Mbeya, kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, akishona majoho ya kwaya na sare za shule. Watu walimjua kwa mambo mawili: mishono isiyofumuka, na woga. Aliogopa radi, mbwa, ngazi na maji ya mto. Kwenye basi hakukaa kiti cha mbele hata kama ndicho pekee kilichobaki. Wanakwaya wenzake walimtania kwamba hata wimbo wa furaha Tumpe anauimba kama anayeomba msamaha. Kwa hiyo Jumapili ile alipoingia kwenye uwanja wa kanisa akiendesha mwenyewe, wanawake walipiga vigelegele mpaka mchungaji akatoka ofisini kuuliza nani anaolewa.

Alichofundishwa alikishika kama amri. Na amri za Anord kuhusu gari lile la otomatiki zilikuwa mbili. Ya kwanza: ukifika kwenye mteremko, toa D ya kwendea, weka N inayoachia gia, gari liteleze lenyewe, mafuta yabaki kwenye tangi. Ya pili: ile S iliyo kando ya D, ile ambayo ukiiingiza inawaka taa nyekundu ya SPORT kwenye dashibodi, usiiguse kamwe.

"Hiyo ni ya vijana wenye haraka ya kufa," alisema. "Injini inalia kama nguruwe anachinjwa, mafuta yanakwisha, halafu unakwisha na wewe."

Tumpe hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Kila alipovuta gia alitanguliza kidole gumba upande wa S, kiwe kama ukuta.

Anord alifariki mwezi wa tatu, kwa presha, akiwa ubaoni mbele ya wanafunzi. Bwana alimwita chaki ikiwa bado mkononi. Alizikwa kwao Kihesa, Iringa. Mwezi wa kumi familia ikapanga ibada ya shukrani na kuweka msalaba kaburini. Msalaba wenyewe, wa chuma, ulichomelewa Mwanjelwa, kwa sababu Tumpe alitaka awe anapita kuutazama kila jioni akifunga kazi. Ibada ilikuwa Jumapili saa tatu. Jumamosi asubuhi, baada ya chai, Tumpe akawasha gari, peke yake kwenye usukani kwa safari ndefu ya kwanza ya maisha yake.

Kando yake alikaa mama mkwe wake, bibi Esta, ambaye alikuwa Mbeya kwa wiki mbili akitibiwa macho. Nyuma alikaa shemeji yake, Didas, mdogo wake Anord. Didas aliendesha malori ya mpunga kutoka Ubaruku kwa miaka kumi na minane, na kama asingeanguka kutoka juu ya magunia akavunjika mguu wa kulia, usukani ungekuwa wake siku hiyo. Mguu ulikuwa kwenye plasta mpaka gotini. Msalaba ulilazwa kando yake kuanzia kwenye buti, umefungwa kitenge, ncha yake ikifika kati ya viti viwili vya mbele.

Hawajafika hata Uyole, Didas akaanza.

"Shemeji, legeza mabega. Gari halili watu."

"Niache, shemeji. Nikilegea mimi, linalegea na lenyewe."

"Umelikaba shingo maskini. Halipumui."

Bibi Esta akacheka kidogo, akafuta jicho kwa ncha ya khanga. Baada ya Uyole Tumpe alisimamisha gari kando, wakaomba. Bibi Esta aliomba kwa Kihehe, sala ndefu, akataja kila gurudumu. Kisha wakaendelea, na mteremko wa kwanza ulipoanza Tumpe akafanya alichofundishwa: akasukuma gia kutoka D kwenda N. Mlio wa injini ukafifia. Ukabaki upepo tu kwenye madirisha.

Didas akainua kichwa.

"Shemeji, umeweka nini?"

"N."

"N ya nini?"

"Ya mteremko. Ndivyo alivyonifundisha kaka yako."

"Kaka yangu alifundisha hesabu. Hakufundisha milima."

"Wewe Didas," bibi Esta akasema bila kugeuka. "Marehemu hana mdomo wa kukujibu. Mwache."

"Mama, simsemi vibaya. Nasema gari likiwa nyutro hakuna kinacholishika isipokuwa breki. Breki zikichoka, unabaki wewe na Mungu wako."

"Miaka tisa Anord amelileta gari hili Iringa na kulirudisha. Alikufa kwa gari?"

Dereva gani angembishia mama wa aliyekufa? Tumpe naye akashukuru moyoni, maana alihisi kana kwamba Anord ametetewa, na yeye pamoja naye. Mkono wake ukabaki juu ya gia, palepale penye N.

Kisha wakaufikia mteremko wa Inyala.

Anayeijua barabara hiyo anajua jinsi inavyokudanganya. Unaona mlima umekwisha, kumbe umevuta pumzi tu. Mbele yao magari yalishuka polepole, miti ya mikaratusi upande mmoja, korongo upande wa pili, na kutoka bondeni malori yalipanda yakikoroma. Tumpe alikanyaga breki, akaachia, akakanyaga, akaachia. Mshale wa mwendo ulipanda sitini, ukashuka hamsini, ukapanda tena sitini na tano. Alianza kusikia harufu, ile harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa, na kwa sekunde moja akili yake ilikwenda Mwanjelwa kutafuta ni nani ameacha pasi.

"Hiyo ni breki yako inayonuka," Didas akasema. Utani ulikuwa umemtoka kwenye sauti. "Rudisha D. Sasa hivi."

Tumpe akakanyaga breki tena. Pedeli ikazama. Ilikuwa kama kukanyaga godoro. Akaikanyaga kwa nguvu zake zote, na gari likapunguza kidogo tu, kwa shingo upande, kisha likajiachia. Sabini. Sabini na tano.

"Ee Kyala," akamwita Mungu kwa Kinyakyusa. "Shemeji, haishiki! Haishiki!"

Baada ya kona wakaliona: semi-trela lililobeba shaba ya Zambia, taa zake zote zikiwakawaka, likishuka kwa mwendo wa mtu anayetembea. Upande wa pili basi lilikuwa likipanda, limejaza njia yake yote. Hapakuwa na nafasi ya kupita, wala pembeni hapakuwa na mahali pa kwenda ila korongo.

"Nisikilize mimi tu," Didas akasema. "Usitazame lori. Weka D."

Akaweka. Gari likashtuka, injini ikarudisha sauti, lakini mwendo ukabaki uleule.

"Vuta kushoto. Weka S."

"Hapana!"

"Weka sport, nakwambia!"

"Inaongeza mwendo! Tutakufa!"

"Haiongezi! Mguu wako hauko kwenye mafuta. Bila mafuta haikimbii, inashikilia gia ndogo, na gia ndogo ndiyo inayoshika gari. Tumpe!"

Didas hakuwahi kumwita kwa jina, tangu siku ile alipotolewa kwao kuolewa. Bibi Esta naye alikuwa ameshika kiganja cha mkwewe kilichokuwa juu ya gia. Amekikaza.

"Usiiguse," akasema. "Mwanangu alikataza. Nilimsikia kwa masikio yangu. Mwanangu alikataza!"

Lori lilikuwa limekaribia kiasi cha kusomeka maandishi ya nyuma. Tumpe aliutazama mkono wa yule mama, mishipa yake, pete nyembamba ya ndoa, na woga aliokuwa nao ulikuwa mwingi mno kwa mtu mmoja. Aliogopa lori. Aliogopa basi. Aliogopa ile taa nyekundu ambayo kwa miaka sita ya kuendesha hakuwahi kuiona ikiwaka. Na chini ya yote hayo aliogopa jambo ambalo hakuwa na muda wa kulifikiri: kwamba akiivuta gia ile, na gari likashika, basi Anord alikosea.

Akaung'oa mkono wa mama mkwe wake, akavuta.

Taa ikawaka. Injini ikapiga ukelele, kweli kama nguruwe anachinjwa, mshale mwingine, ule wa mizunguko ya injini, ukaruka karibu na alama nyekundu, na Tumpe akajua kwamba ndiyo basi, wamekwisha. Lakini mwili wake ulisukumwa mbele kwenye mkanda, siyo nyuma. Msalaba nao ukateleza kutoka nyuma, ncha yake ikamgonga kiwiko.

"Vizuri! Vuta tena, kwenye alama ya kutoa, gia ishuke. Mara moja."

Akavuta. Ukelele ukazidi. Sitini. Hamsini.

"Tena."

Arobaini. Bibi Esta alikuwa amejifunika khanga uso mzima. Basi likapita kulia, dirisha baada ya dirisha, nyuso za abiria zikiwatazama. Mgongo wa lori ukajaza kioo chote cha mbele, Tumpe akaona matope yaliyokauka kwenye bamba lake, akaona kamba, akaona fundo la kamba.

"Hendibreki. Polepole. Usiivute yote, utatugeuza. Polepole, shemeji. Polepole."

Likabaki labda urefu wa meza yake ya cherehani. Kisha lori likajiondokea taratibu mbele yao, dereva wake hajui lolote, na wao wakalifuata kwa ukelele uleule mpaka barabara iliposawazika na kukawa na kipande cha changarawe pembeni. Hapo wakasimama.

Moshi ulikuwa ukitoka kwenye magurudumu ya mbele. Mwanamke aliyeuza viazi kando ya barabara akaja mbio na ndoo ya maji.

"Usimwagie, dada!" Didas akapiga kelele dirishani. "Utapasua chuma! Acha zipoe zenyewe."

"Poleni," yule mwanamke akasema. Akawatazama mmoja mmoja, akauona msalaba, akafanya ishara ya msalaba, akaondoka bila kuuliza zaidi.

Walikaa zaidi ya saa nzima. Tumpe hakuweza kuachia usukani. Vidole vilikuwa vimekataa kufunguka, ikabidi Didas avifungue kimoja kimoja. Alipotoka nje akaketi chini kwenye changarawe na gauni lake jipya la ibada.

"Siendeshi tena," akasema. "Piga simu Igurusi hapo mbele, shemeji. Tafuta dereva yeyote. Mimi siendeshi."

"Nitapiga," Didas akasema. Akatoa simu, lakini hakupiga. Alikuwa akimtazama mama yake.

Bibi Esta alikuwa amebaki kwenye kiti chake, mlango wazi, miguu nje. Kwa muda mrefu alitazama mteremko waliotoka.

"Didas."

"Naam, mama."

"Kwa hiyo miaka yote ile. Krismasi zote zile. Alikuwa akiteleza hivyohivyo?"

Didas akarudisha simu mfukoni.

"Na watoto wakiwa nyuma wamelala?"

Tumpe akafunika mdomo. Maana yeye alikuwa humo, safari zote. Alikuwa humo walipompeleka Atupele, binti yao, kwa bibi yake akiwa na miezi miwili. Alikuwa humo siku ya mvua kubwa walipokwenda kumzika baba mkwe. Anord alikuwa akiweka N na kusema, "Sikia kimya hicho," na yeye Tumpe, mwoga wa radi na ngazi, alikuwa akisinzia kwa raha kwenye kimya hicho. Woga wa safari tisini zilizokwisha zamani ukamjia wote kwa pamoja, pale chini kwenye changarawe, mkubwa kuliko ule wa mbele ya lori.

"Hakujua, mama," akasema hatimaye. "Alitupenda, ila hili hakulijua."

"Mungu ndiye aliyekuwa akikanyaga breki," bibi Esta akasema. Akalia kidogo, bila sauti, kwa uangalifu, kwa sababu daktari alikuwa amemwambia asiyatie macho maji. Kisha akaingiza miguu ndani, akavuta mkanda, akahangaika na kifungo chake mpaka kikaingia.

"Twende, mama Atupele. Mtu mwingine simtaki. Mtu mwingine hajaogopa kama wewe, atakimbia. Ila ile N ya mwanangu tumwachie mwenyewe."

Didas alikagua breki kwa kumtuma Tumpe akanyage na kuachia, mara kumi. Zilikuwa zimerudi. Akamweleza tena, taratibu: kwenye tambarare D, kabla mteremko haujaanza, siyo katikati, S, mguu utoke kwenye mafuta, breki iguswe kwa vipindi. Tumpe alirudia kwa sauti kama mtoto wa kipaimara.

Chimala, Igawa, Makambako. Huko kwingi ni kupanda na tambarare, akaenda kwa D. Mafinga hawakushuka kula. Jua lilikuwa limeinama walipokaribia Ipogolo, na mbele yao barabara ikaanza kuinamia mto Ruaha, malori yamepanga mstari kama kawaida. Woga wa Tumpe haukuwa umepungua, hata kidogo.

"Kabla haujaanza," Didas akasema nyuma yake.

"Najua, shemeji."

Akavuta gia kushoto. Taa nyekundu ikawaka, injini ikaanza ule ukelele wake, na gari likajizuia kama punda aliyevutwa mkia. Bibi Esta akafumba macho, akaanza kuomba kwa sauti, kwa Kihehe, akimtaja mwanawe. Tumpe akaitikia amina kila bibi alipotua, na hakuigusa gia mpaka darajani.