Msomaji wa Jumatatu na Jumatano

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinichukua chuoni kwao, eti nimsaidie kubeba vitabu alivyochelewa kurudisha, na mimi na magoti yangu haya. Ndani ya maktaba yao watu wanacheka, simu zinalia, kijana mmoja anakula karanga, na hapana anayemwambia mwenzake anyamaze. Nikasimama mlangoni, mkono wangu unapapasa meza ya watu kutafuta kikengele. Usinicheke. Kuna jambo sijapata kumwambia mtu, na wewe nadhani utanivumilia.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mimi nina miaka kumi na sita, nakaa na bibi yangu huku mjini, mtaa wa Malindi. Mtihani wa shule ulikuja na mimi nikaangushwa na hesabu. Wenzangu waliofaulu wakaingia chuo cha ualimu cha wasichana. Mimi nami nikaingia chuo hicho hicho, ila kwa mlango mwingine: nilichukuliwa kuwa msaidizi wa maktaba, kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri. Bibi alinifariji kwa kusema kupotea njia ndiko kujua njia, kisha akanikatia buibui jipya. Nilimshukuru, lakini usiku ule nililia.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Asubuhi, baada ya chai na mkate wa boflo, nilikwenda kufungua madirisha, nikapangusa makabati, nikapiga mihuri na kuandika kadi. Masika yakija vitabu vilishika ukungu, nikavitandaza uani juu ya majamvi huku nikiwafukuza kunguru. Nyuma ya maktaba palikuwa na chumba kidogo cha kutengenezea vitabu vilivyochanika. Humo nilipika gundi ya unga wa ngano juu ya jiko la mkaa, nikitia karafuu za kusaga ili mende wasiile. Mpaka leo nikisikia harufu ya karafuu na unga, navikumbuka vidole vyangu vinavyonata.

Kazi ngumu ilikuwa moja tu, ile ya kikengele. Mwalimu wa maktaba alikuwa Mwingereza, mwanamke mrefu mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. "Maktaba ni kimya," akiniambia, na akaniwekea mezani kikengele cha shaba nikigonge kila mtu akifungua mdomo. Basi niligonga. Niliwagongea wasichana niliocheza nao kibe, niliogawana nao embe mbichi za chumvi. Mwanzo walicheka. Baadaye wakawa wakiniona tu wananyamaza, hata nje, hata njiani. Nilikaa siku nzima katikati ya watu arobaini bila ya mtu kuniita jina langu, na Mungu anisamehe, kuna siku nilikiangusha kitabu makusudi ili niulizwe kuna nini.

Aliyeteseka na kile kimya kuliko wote alikuwa msichana mmoja wa Makunduchi. Miaka miwili shuleni tulikaa dawati moja, tukiitana shoga, na sasa alikuwa mwanafunzi wa chuo, analala dahalia, humo humo chuoni. Wewe unajua sote tulivyoanza kusoma: chuoni kwa mwalimu wa Kurani, juu ya jamvi, kila mtu kwa sauti yake, mwili ukiyumba. Wengine tuliiacha tabia ile. Yeye hakuweza. Sauti yake isipotoka, neno halikai. Na siku za karibu na mtihani vitabu vilikuwa haviazimwi, vinasomwa humo humo ndani. Kila akianza kunong'ona, mimi nagonga.

Siku moja akanifuata uani nilikokuwa nikianua vitabu.

"Shoga, nnaanguka mimi. Nikisoma kimya naona herufi tu, kama mchwa wanapita."

"Sasa mie nifanyeje?"

"Kile chumba chako cha gundi. Nifungie humo hata saa moja. Nikirudi Makunduchi na karatasi ya kuanguka, baba hanipi mwaka wa pili, nshaposwa mimi."

Nilijua nikishikwa nafukuzwa. Lakini nilijua vile vile kwamba Jumatatu na Jumatano alasiri mwalimu wa maktaba hucheza tenisi, na dunia iungue, haachi. Nikamwambia njoo.

Ah, alasiri zile! Mimi nakoroga gundi, yeye ameketi juu ya kasha, kitabu magotini, anasoma huku akiyumba. Alikuwa na sauti nene kidogo, na neno asilolielewa alilirudia mara tatu kama anayeonja mchuzi. Kitabu alichokipenda kilikuwa cha elimu ya afya. Hata leo najua mbu anavyotaga na maji yanavyochemshwa, na nayajua kwa sauti yake. Nilimletea visheti vya bibi ndani ya leso, tukala tukachekeana. Wiki nzima niliishi kwa ajili ya siku hizo mbili. Nadhani yeye alikuwa akisoma ili afaulu, na mimi nilikuwa nikimsikiliza ili nisife na upweke.

Jumatano moja ya masika mvua ilipiga, tenisi ikavunjika. Sisi ndani hatukusikia hatua kwa sababu ya kelele za mabati. Mlango ukafunguliwa, mwalimu amesimama na raketi yake, maji yanamchuruzika. Hakupiga kelele. Aliniuliza mimi, taratibu kabisa:

"Nani amemruhusu msichana huyu kuingia hapa?"

Niliiona kazi yangu inakwenda. Nilimwona bibi na lile buibui. Nikasema, "Sikumruhusu, mwalimu. Ameingia mwenyewe."

Shoga yangu akanitazama. Si kwa hasira, ningependa iwe hasira. Akakifunga kitabu, akakifuta unga kwa ncha ya mtandio wake, akasema, "Naam, mwalimu. Nimeingia mwenyewe."

Alikatazwa kuingia maktaba wiki mbili, akaambiwa akirudia atarudishwa kwao. Mimi nilisifiwa kwa kusema kweli.

Wiki mbili zilipokwisha alirudi. Alichagua kiti kinachoelekeana na meza yangu, akafungua kitabu, akaliuma pindo la mtandio kuzuia midomo. Siku za mwanzo nilimwona koo likicheza. Baadaye koo likatulia. Baadaye hata mwili haukuyumba tena. Nilijiapia kwamba akinong'ona mara moja tu sitagonga, namwacha asome mpaka watu wote wageuke. Hakunong'ona. Siku nilipompelekea kitabu nikainama nikamwambia pole, aliweka kidole juu ya midomo yake, akaendelea kusoma.

Mtihani alifaulu, tena vizuri. Akapelekwa kusomesha Matemwe. Sikwenda kumuaga, niliona haya, nikajiambia nitakwenda siku nyingine. Miaka ikapita, nikaolewa, nikazaa, bibi akafa, chuo kikahamishwa na jengo likawa ofisi. Nikisikia ameanguka au ameinuka, nilikuwa nasikia kwa watu.

Kisha, yeye shoga yangu amekwisha kufa muda, kwenye matanga ya jirani nilikaa na mama mmoja wa Matemwe. Katika kuzungumza akamtaja mwalimu wake, nikamjua. Nikauliza alikuwa mwalimu wa namna gani, kama mtu asiye na haja.

"Hodari, Bi mkubwa. Lakini darasani kwake hatukusoma kwa sauti hata siku moja. Akitwambia, 'Kabla hujasoma kwa sauti, tazama kwanza nani aliyekaa karibu nawe.' Sie tukicheka, hatujui maana yake."

"Na yeye mwenyewe hakuwa akikusomeeni?"

"Hata. Hapana aliyepata kumsikia."

Nilimwambia, "Kweli, watu wa zamani walikuwa na maneno," nikajifunika leso nisionekane. Mimi nilimsikia. Jumatatu na Jumatano, alasiri, kabla sijaulizwa nikamkana.