Sauti ya Bure ya Kumsomea Baba

Mimi nina saiba, duka la kompyuta na intaneti, chumba kimoja tu Kariobangi, kati ya fundi wa masufuria na mama wa mitumba. Zamani niliamini kompyuta isiyo na programu za kulipia ni sanduku tupu. Wapi! Leseni ziliisha moja baada ya nyingine, na mwenye nyumba hakuwa mtu wa kungoja. Ndipo nikajua ekstensheni, vile vijiprogramu vidogo unavyovipachika kwenye brauza ya intaneti bila kulipa chochote. Kimoja kinaniunganishia kurasa za PDF, kingine kinafuta ukuta ulio nyuma ya mtu kwenye picha ya pasipoti, kingine kinafukuza matangazo. Wateja wakiniambia rahisi ni ghali, mimi huwajibu kwamba ghali nayo ni ghali zaidi. Domo ninalo, sikatai.

Baba yangu alikuwa karani wa bohari za reli, akastaafu, akabaki Kaloleni. Lakini pale kanisani kwetu hakuna aliyemwita karani. Alikuwa msomaji. Tangu mimi nikiwa mtoto, yeye ndiye aliyesimama mbele kila Jumapili akasoma Neno kabla ya mahubiri. Hakuwa mzee wa kanisa, hakuimba kwaya, hata kusali kwa sauti alikuwa akiona haya. Kusoma ndiko kulikompa nafasi yake duniani. Kisha presha ya macho ikaanza kumla kutoka pembeni, polepole, mpaka daktari akatwambia nuru iliyokwenda hairudi.

Akanikataza kumwambia mtu. Wakijua, alisema, watampa Biblia mtu mwingine, na yeye atabaki wa kushikwa mkono na kuonyeshwa kiti.

Kliniki walitutajia programu ya kuwasomea wasioona. Baba aliposikia bei alivaa kofia yake akasimama. Nikajaribu kumsomea mwenyewe, nikashindwa. Nilisoma neno moja moja kama anayemlisha mgonjwa uji. Akaniambia niache, tena kwa ukali ambao sikuuzoea.

Basi nikamtafutia ekstensheni ya kusoma kwa sauti. Ya bure, kama ndugu zake. Nikaiweka kwenye laptopu kuukuu, nikadondoshea tone la gundi kwenye kitufe cha kuiwasha ili kidole chake kikipate. Sauti yenyewe ilikuwa ya mwanamume asiyepumua, anayesoma mateso ya Bwana kama anatangaza nauli. Siku ya kwanza, katikati ya zaburi, ikaingiza tangazo la magodoro. Baba akacheka mpaka akashika ubavu. Sikumsikia tena akicheka hivyo. Nikaongeza ile ya kufukuza matangazo, tukaendelea.

Wiki nzima alikaa nayo, inasoma, anarudia, inasoma, anarudia, mpaka somo limeingia lote kichwani. Jumamosi ananighania mimi nimeshika Biblia. Jumapili anavaa miwani isiyomsaidia kitu, anafungua penye utepe, anasema yote bila kukosea, na akifika pale tulipopatana, anageuza ukurasa kama anayeona. Huko kugeuza ukurasa ndiko kulikokuwa kukiniua. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilidhani ni mimi peke yangu.

Kwetu mhubiri huwa na desturi ya kumgeukia msomaji katikati ya mahubiri na kumwitisha mstari, huu, ule, rudia tena. Mchungaji wetu alikuwa akiipenda sana desturi hiyo, kisha akaiacha. Nilimshukuru Mungu kwa hilo wala sikujiuliza kwa nini.

Jumapili moja akaja mhubiri mgeni kutoka mkoa wa Magharibi. Baba alisoma vizuri kuliko siku zote, akakaa. Mgeni akahubiri, akapata moto, akamgeukia.

"Msomaji wetu, hebu tusomee sura inayofuata, mistari mitatu ya kwanza."

Baba akasimama. Akafungua ukurasa, akaufungua mwingine. Akaisogeza Biblia karibu na uso, kisha mbali. Mimi nilikuwa benchi la tatu. Mgeni akangoja akitabasamu, maskini, hakujua.

Ndipo mama mmoja wa chama cha akina mama akaanza kusoma akiwa ameketi pale pale. Aliye kando yake akajiunga, kisha benchi zima, kisha kanisa lote, kwa sauti moja, wote wameinamisha vichwa. Hakuna aliyemtazama baba. Nikaelewa kwamba watu hawa walikuwa wameiogopa siku hii pamoja nasi. Baba alisimama na kitabu wazi mikononi mpaka walipomaliza, ndipo akakaa.

Nje, mzee wa kanisa alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mzee wetu, usijisumbue. Sisi tumejua kitambo. Tuliambiana tukuache tu usome, na mchungaji asikuitishe mistari."

Alisema kwa upendo, na mimi nilitamani kumzaba kofi. Baba akamshukuru. Akauliza wamejua tangu lini. Mzee akasema ni tangu siku ile wanakwaya, wanaokaa nyuma yake, walipoona ameshika Biblia juu chini.

Njiani baba aliniuliza kitu kimoja tu, kama watu walikuwa wakilia walipokuwa wakisoma. Nikamwambia hapana. Walikuwa wakilia.

Hakurudi tena kanisani. Wanakuja wao, wanaleta sukari na majani ya chai, wanaongea naye kwa ile sauti ya wodini, na wakiondoka wanamwongoza mpaka kwenye kiti chake mwenyewe ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mtu aliyelijaza kanisa kwa sauti yake sasa anaitikia "amina" tu, na hata hiyo huisikii vizuri.

Jumamosi iliyopita nilimkuta amekaa mbele ya laptopu, kidole juu ya lile tone la gundi, hajabonyeza. Hakuna somo la kujifunza, hakuna mtu wa kusomewa. Nikavuta kiti, nikamwambia aachane na hicho kitu kisicho na roho, nitamsomea mimi bintiye, kila jioni nikitoka kazini.

"Acha kisome hicho," akasema. "Duniani kote, hicho tu ndicho hakijui kwamba mimi ni kipofu."

Akabonyeza.