Wakamwana wa Mheshimiwa Diwani

Baba mkwe wangu alizaliwa Ulaya, na hilo ndilo lililomfanya awe Mnyakyusa kuliko Wanyakyusa wote. Baba yake alipelekwa huko na wamisionari kusomea uganga wa hospitali, akaondoka na mkewe, wakarudi na mtoto kwenye blanketi. Basi. Mengine yote ameyaishi hapahapa Rungwe, na udiwani wa kata yetu ameushika tangu mimi niko shule ya msingi. Lakini kila uchaguzi wapinzani wake walikuwa na hoja moja tu: kitovu cha diwani hakikuzikwa migombani kwetu, kilibaki kwa Wazungu. Ni mgeni.

Dawa yake ilikuwa mila. Alipinga disko harusini, alipinga suruali kwa wanawake, alipinga kijiwe cha bodaboda, ingawa mwenyewe akichelewa kikao hupanda hizohizo. Na hakuna mila aliyoing'ang'ania kama ile ya mkamwana kutoonana na baba mkwe. Kwingine watu wameilegeza, wanasalimiana, wengine hata wanatumiana meseji. Kwetu, thubutu. Nikisikia kikohozi chake njiani, nachepuka mpaka apite. Jina lake silitamki. Nimewahi kutumbukia mtaroni na ndoo ya maziwa kwa ajili ya mheshimiwa, na maziwa, kama maji, hayazoleki.

Mwaka huu kura za maoni za chama zilikuwa ngumu. Mshindani wake alikuwa mzaliwa wa kijijini kwetu, mwenye duka kule mjini Bulyaga, kijana wa maneno matamu. Sisi wakamwana, wake wa wanawe na wa wana wa ndugu zake, tulipita nyumba kwa nyumba kumwombea kura mtu tusiyeweza kumtaja.

"Mpeni baba wa mume wangu," nilikuwa nasema.

"Ndiye nani huyo?" waliniuliza, na wanajua vizuri kabisa.

Siku ya kura karatasi hazikufika. Msimamizi akaamua watu wainue mikono, na wagombea wakae mbele wakiwatazama wanachama, wasitoke. Kwa kuwa yeye yumo ndani, sisi tukabaki nje ya ukumbi, tumejibanza ukutani chini ya dirisha, mvua inatupiga.

"Walio nje waingie," msimamizi akasema, "la sivyo hawahesabiwi."

Nikamsikia mama mkwe akiinuka. "Mzee, waruhusu leo tu. Kura zako ziko nje zinaloa."

Watu wakacheka. Kila mtu alijua: tukiingia anashinda, tukibaki nje anaanguka. Nilimwomba Mungu baba mkwe akubali. Nilikuwa na njaa, viatu vyangu vilikuwa vimeishia kwenye kampeni yake, na kusema kweli nilitaka tumkomeshe yule kijana.

"Wakamwana wangu hawaingii," baba mkwe akasema. "Kiti nilikikuta, na nitakiacha."

Mikono ikahesabiwa, akaanguka. Nilimlaani kimoyomoyo kwa Kiswahili, maneno yalipokwisha nikaendelea kwa Kinyakyusa.

Walipoanza kutoka tukatawanyika kwenye migomba. Mimi sikuwahi kufika mbali. Nikasikia mzee mmoja akimwita baba mkwe wangu asimame. Sauti yake niliijua, maana ndiye aliyekuwa wa kwanza kila uchaguzi kumwita mgeni, na bila shaka dakika chache kabla alikuwa ameinua mkono wake kwa yule kijana.

"Ndaga fijo," akamwambia. Asante sana. "Kura sikukupa, na nisingekupa hata kesho. Lakini atakayesema tena wewe si wa hapa, aje kwanza kwangu."

Nikamsikia baba mkwe akipenga kamasi, muda mrefu, kama mtu mwenye mafua ya ghafla. Hasira zote zikaniishia. Nilimwonea fahari, nikatamani nimshike mikono yote miwili, nimwambie pole na hongera kwa pamoja.

Nikabaki palepale, tope hadi vifundoni, nimempa mgongo.