Ubeti Niliomwandikia Mama Yosefu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mpanda mjini, miaka ya sabini, Mratibu wa kisomo cha watu wazima alinikabidhi karatasi kubwa, kalamu mbili na baiskeli. "Nasikia unachekesha kwa mashairi," akasema. "Basi chekesha. Watu wakicheka watakuja darasani."

Nyie vijana mnadhani kuchekesha ni kubwabwaja tu. Kazi ilikuwa na kanuni. Kila mstari mizani kumi na sita, yaani silabi, nane kwa nane, na vina, zile sauti za mwisho, vilingane. Ukikosea, mzee wa Kikonongo asiyejua hata kuandika jina lake atakuambia hapo pamevunjika.

Nilianzia Ugalla kwa warina asali, nikahamishiwa Katumba, kisha Kasokola. Kila kituo nilichungulia darasani, nikamchagua wa kuchekwa, nikabandika ubeti kwenye gazeti la ukutani. Majina sikuandika. Nilijiona fundi kwelikweli, na leo naona haya kusema hivyo.

Kasokola darasa lilikuwa ghalani. Mama Yosefu, mwanamke wa Kipimbwe wa makamo, alikuja na mbuzi wake, maana hakuwa na wa kumwachia. Siku hiyo alishika kitabu juu chini. Ubeti wangu ulianza hivi:

Kitabu kakigeuza, herufi zaning'inia,
Asoma ama acheza, mbuzi wanashangilia.

Wachache waliojua kusoma walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama Yosefu akaniuliza, "Mwalimu, wanacheka nini?"

"Vichekesho tu, mama."

Naye akacheka. Jamani, alicheka kuliko wote.

Karatasi ikakaa pale miezi, hakuna aliyeitazama tena. Mratibu akaja kupima wanafunzi. Zamu ya Mama Yosefu ilipofika, akamfungia kitabu. "Humu watu hukariri. Soma pale ukutani."

Ningeweza kusema karatasi ile imechakaa, asome nyingine.

Alisoma silabi kwa silabi, kidole hewani. Alipofika kwenye mbuzi akasita, akatazama mlangoni walipokuwa mbuzi wake, kisha akamalizia mstari. Mratibu akapiga makofi peke yake. "Huyu amefaulu!"

Mama Yosefu akanigeukia. "Kumbe siku ile nilikuwa najicheka mwenyewe, mwalimu?"

Akachukua mbuzi wake, akaondoka, na darasani hakurudi.

Mratibu aliumia sana. "Yule alikuwa amebakiza kidogo tu aandike barua zake mwenyewe," akaniambia. "Nenda kambembeleze, umwombe radhi." Wiki iliyofuata nikamwambia nimekwenda, amekataa. Uongo mtupu. Sikukanyaga kwake. Niliogopa macho ya yule mama.

Nimeandika vichekesho miaka mingi baada ya hapo, na watu wamecheka. Siku ya kustaafu mkubwa wa ofisi alisimama akasema hakuna aliyeleta wanafunzi wengi darasani kama mimi. Wakapiga makofi. Nilisimama, nikashukuru, nikakaa. Yule niliyemtoa sikumtaja.