Mtoto Niliyesema Hayumo

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni Jumamosi moja ya miaka ya tisini, mchana, katika ukumbi wa mtaa kule Eastlands tulikokuwa tukiishi. Sijawahi kukusimulia. Nakusimulia sasa kwa sababu mwezi huu tumetazama filamu nyingi pamoja, za kale na za juzi, na nimekusikia ukizihukumu kabla hazijafika katikati: hii inaboa, hii imezeeka. Sikulaumu. Mimi nilikuwa hivyo hivyo, tena nilisifiwa kwa hilo.

Ile iliyopigwa na vijana wa hapa hapa Nairobi, ambamo mama anaanika nguo muda mrefu bila kusema neno, wewe uliinuka ukaenda kupasha chai. Mimi nilibaki. Nikaona jinsi mama yule alivyokuwa akiliruka shati moja la kiume ndani ya karai, akichukua kila nguo isipokuwa hilo, mpaka likabaki peke yake. Hapo nikajua mwenye shati harudi. Hakuna aliyelisema. Kutazama namna hiyo, mwanangu, nilijifunza nikiwa nimechelewa, na nilijifunza kwa aibu.

Wakati huo nilikuwa kibarua katika kiwanda cha sabuni kule Industrial Area, na mtaani waliniita Skrini. Niliitwa hivyo kwa sababu kila filamu iliyoonyeshwa, iwe ya karate, ya Kihindi au ya farasi na bastola, mimi ndiye niliyeisimulia kwa wenzangu saa ya chakula. Nilipiga teke hewani, nikalia kama mwanamke aliyeachwa, nikaanguka chini nikafa. Nilipokuwa sikumbuki, nilibuni. Nilipokuwa sijaitazama kabisa, nilibuni yote. Walicheka, nami nikazoea kuona kwamba kuchekesha ndiyo kazi ya macho yangu.

Mlango wa tatu kutoka kwetu alikaa Mzee Wafula na mkewe, Mama Nekesa. Mzee, mwenye kovu shavuni, alikuwa amekata ngozi na kushona viatu pale Kariokor miaka mingi, mpaka presha ya macho ikamfanya kipofu. Siku hizo alikaa nje ya mlango kwenye kigoda, akawasalimia watu kwa kuzitambua nyayo zao. Na alikuwa na hadithi moja ambayo mtaa mzima ulikuwa umeichoka: kwamba zamani, Njiru ilipokuwa bado ni vichaka na ng'ombe, walikuja wageni kupiga filamu, wakawaajiri watu kwa siku moja wapite barabarani kama wakimbizi wa vita. Yeye alikuwa mmoja wao. Alibeba godoro la mistari kichwani. Filamu hiyo hakuwahi kuiona.

"Mzee, godoro lako lilikuwa nyota wa sinema," nilikuwa nikimwambia mbele ya watu, na kioski kizima kilikuwa kikivunjika mbavu. Yeye pia alicheka kidogo. Nilidhani hajali.

Ndipo wakaja vijana wawili na projekta yao, wakabandika tangazo kwenye ukuta wa ukumbi. Jumamosi wangeonyesha filamu ya kale isiyo na rangi, iliyopigwa Kenya. Mzee Wafula alisomewa tangazo lile mara mbili. Mimi nikatangaza pale kioskini kwamba Mzee Wafula akionekana kwenye filamu hiyo, nitaacha kuitwa Skrini.

Asubuhi ya Jumamosi akaniita.

"Skrini, mwanangu, wewe ndiwe mtazamaji wetu. Nenda ukaniangalie. Uniangalie vizuri, mimi na yeyote aliye karibu nami. Kisha uje uniambie."

"Mbona usimtume Mama?"

"Mama usimwambie," alisema, akashusha sauti. "Sitaki umwambie chochote."

Nikaitikia. Sikujiuliza kwa nini.

Ukumbi ulijaa. Filamu ilikwenda polepole na sauti ilikuwa ikikatika, basi tukaanza kuizomea, na mimi ndiye niliyeongoza. Mara ikaja barabara ya vumbi na umati wa watu. Katikati yao nikamwona kijana mrefu, ana kovu lile lile la shavuni, kichwani amebeba godoro la mistari. Alikuwa Mzee Wafula mwenyewe. Nilimtambua, lakini mdomo ulikuwa umeshaanza. "Tazama godoro linatembea!" nilipiga kelele, na ukumbi ukaangua kicheko. Wengine hawakumjua, kwa maana walimjua mzee, si kijana yule. Picha hiyo ilipita kama pumzi tatu. Kando ya mguu wake palikuwa na kitu kidogo, mtoto, ameshika suruali yake. Nilimwona kama unavyoona nguzo ukiwa unakimbia. Nilikuwa nimegeuka nyuma kuona nani anacheka.

Nilipotoka, wenzangu walikuwa wakinisubiri mlangoni.

"Niaje Skrini, umemcheki buda?"

Ningeweza kusema ndiyo, mzee nimemwona. Ningetaniwa wiki moja, basi. "Hakuna kitu," nikasema. "Mzee alituuzia hewa." Wakacheka, wakanipiga begani, nami jina langu likabaki salama.

Nilimkuta Mzee Wafula ndani. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na kufunga vifungo vya shati mpaka shingoni. Juu ya meza palikuwa na vikombe viwili, na chupa ya chai aliyoitayarisha mwenyewe kwa kupapasa.

"Haya, niambie."

"Hukuwemo, Mzee."

"Hata mtu mwenye godoro?"

"Hapana."

"Na mtoto? Hukuona mtoto?"

"Sikuona mtoto."

"Basi," alisema. "Asante kwa kwenda." Akanimiminia chai. Nikainywa, mwanangu. Niliinywa mpaka ikaisha, mbele ya mtu niliyemdanganya, na nikamwambia ni tamu.

Tangu siku hiyo hakukaa tena nje. Kigoda kilibaki ndani. Baada ya wiki mbili hivi Mama Nekesa alinikuta nikichota maji kwenye mfereji, akaweka ndoo yake chini.

"Mzee wako hali chakula vizuri," alisema. "Nilimbana jana, ndipo akaniambia. Kumbe alikutuma kumtafuta Nekesa."

Sote tulimwita Mama Nekesa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza Nekesa ni nani. Alikuwa kifungua mimba wao. Siku ile ya kupigwa filamu baba yake alikwenda naye Njiru kwa kuwa mama alikuwa kazini. Alikuwa na miaka minne. Mwaka huo huo surua ikamchukua. Picha yake hawakuwa nayo hata moja.

"Hakutaka nijue kwanza," alisema Mama. "Alisema akinipa tumaini kisha mtoto hayumo, itakuwa ni kunizikisha mara ya pili. Sasa anasema ni heri hakunipa."

Niliacha ndoo ikifurika. Nilikimbilia kwa msimamizi wa ukumbi kuwaulizia wale vijana wa projekta. Walikuwa wamekwenda zao na filamu yao, naye hakujua wapi. Nilitafuta kwa siku nne. Siku ya tano nikabisha mlango wa Mzee Wafula, nikapiga magoti sakafuni, nikawaambia wote wawili: ulikuwemo, Mzee, na mtoto alikuwemo.

Mama Nekesa alikaa kitandani taratibu. "Alikuwaje?" aliuliza. "Alikuwa anatembea mwenyewe? Alikuwa analia?"

Mwanangu, mimi nilikuwa bingwa wa kubuni. Ningeweza kumpa mama yule tabasamu, utepe wa nywele, chochote. Maneno yalinijia mpaka kwenye ulimi. Lakini nilishindwa kumbunia mtoto wake.

"Sikumwangalia," nikasema. "Nilikuwa nacheka."

Nilingoja matusi, nilitamani matusi. Mzee Wafula aligeuza uso wake upande wangu.

"Macho yangu yalichukuliwa na ugonjwa," alisema. "Wewe yako unayo."

Mama aliniambia ninyanyuke, nikaenda zangu. Hawakuninyima salamu baada ya hapo, wala hawakunitangaza mtaani, na hilo ndilo lililonifanya niinamishe kichwa kila nilipopita mlango wao. Niliwaambia wenzangu ukweli pale kioskini na kuwaomba wasiniite tena Skrini. Mzee alifariki kabla ya miaka miwili kupita. Mama alimfuata baadaye, kwao magharibi.

Sasa ujue kilichonitoa machozi wiki iliyopita uliponikuta na simu yako mkononi. Katika kutafuta filamu za zamani niliipata ile. Mtoto anatembea mwenyewe. Ana gauni lenye mifuko miwili na yuko pekupeku. Anajikwaa, baba anashusha mkono mmoja kutoka kwenye godoro na kumshika, naye anainua uso kumtazama. Halii. Yote hayo yalikuwepo siku ile, ukutani, makubwa kuliko mtu.

Jumapili nilikwenda Kware kwa Barasa, kitinda mimba wa Mzee Wafula na Mama Nekesa, nikamweleza kila kitu na kumpa simu. Alitazama mara nyingi. Kisha akauliza, kwa upole, "Mama aliwahi kuambiwa kuhusu hii mifuko?" Nikamwambia hapana. Akarudia kutazama, na mimi nikakaa nikiangalia viatu vyangu.

Basi nasaha yangu ni hii. Unapotazama, tazama kwanza, kicheko kisubiri. Aliye pembeni ya picha, usiyemjua, kuna mtu mahali fulani anamtafuta. Ukitumwa kuona kwa niaba ya mwingine, rudi na kile ulichoona, hata kama kitakuvunjia jina. Na ukidanganya, usingoje siku ya pili kurudi kusema kweli, kwa sababu watu hawatusubiri.

Mungu akulindie macho yako, mwanangu, na moyo ulio nyuma yake. Akujalie watu wa kukuangalia vizuri wakati wewe mwenyewe huoni, na akupe ulimi usiokuaibisha mbele ya kikombe cha chai cha mtu. Amina.