Ng'ombe Wanne Niliowakana

Nacheka tu, maana kulia nimeshindwa. Nilikuwa nimeomba ufadhili wa chuo, nikasikia mtendaji wa kijiji atakuja hapa kwetu Endamarariek kukagua hali ya nyumbani. Basi ng'ombe wetu wanne nikawaficha kwa jirani, nikavaa sweta lililotoboka, nikamngoja na sura ya msiba.

Alifika jioni. "Hata ng'ombe mmoja hamna, binti yangu?"

"Hata mkia, mzee."

Akatikisa kichwa kwa huruma, akaanza kuandika. Kumbe jirani amewafungulia wakanywe maji, nao wakashika njia ya kwao. Bahati, yule ng'ombe mkubwa, akaingiza kichwa mlangoni, akalia kwa nguvu.

Mdomo wangu, kwa mazoea, ukamjibu: "Subiri, Bahati, nakuja kukukamua!"